Mbuzi wa Rémy Aliyenipeleka Ng'ambo

Area 25, Lilongwe
Jumatatu, tarehe 8 mwezi wa tisa

Kwa Baba Mchungaji Bisimwa,
pamoja na Kamati ya Wazee, na Mama Vénérande mtunza Kapu la Wajane,
Kanisa letu, Kambi ya Wakimbizi ya Dzaleka, Malawi.

KUHUSU: OMBI LA KURUDISHWA NCHINI MALAWI

Baba Mchungaji mpendwa,

Ninakusalimu kwa heshima zote, nikiwa mzima wa afya, na nikiwa hapa hapa Malawi. Hilo la pili ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mimi ni Merveille Mulenda, binti wa Mama Cécile mshonaji, wa nyumba yenye mlango wa buluu nyuma ya kisima. Ninajitambulisha kwa kirefu kwa sababu katika vitabu vya kanisa siku hizi ninaitwa "mtoto wetu wa ng'ambo", na sikutaka mtu aanze kuigeuzageuza bahasha akitafuta stempu ya nchi gani. Haina stempu. Imeletwa na mama muuza nyanya aliyepanda minibasi hapa saa nne asubuhi, na kama gari halikuharibika unaisoma kabla ya chakula cha mchana.

Naomba kwanza niwakumbushe wazee jinsi nilivyovuka. Mwaka juzi, mwezi wa kwanza, kijana wetu Rémy, mtoto wa Papa Hubert, alipata tarehe yake ya kuhamishiwa Canada. Kanisa likafanya kama linavyofanya kwa kila anayeondoka: kwaya ikafanya mazoezi, mchele ukanunuliwa, na Ijumaa jioni mbuzi akachinjwa. Jumamosi asubuhi ikaja simu kwamba safari imeahirishwa na tarehe nyingine haijulikani. Nilimwona Rémy amekaa juu ya sanduku lake lililokwisha kufungwa kamba, na nilimhurumia sana. Safari iliahirishwa, lakini mbuzi alikuwa tayari sufuriani.

Ndipo wewe, Baba Mchungaji, ukasimama na kusema kwamba mbuzi hafufuki, na kwamba kanisa lina mtoto mwingine anayesafiri wiki hiyo hiyo. Mtoto huyo nilikuwa mimi, niliyepata nafasi ya kusomea maabara ya hospitali katika chuo kimoja cha Lilongwe. Nikaitwa mbele, nikawekewa mikono, kwaya ikaimba ule wimbo wa kuaga ambao hakuna anayeusikia bila kutoa machozi. Nami nikalia, Mungu ni shahidi, kisha nikala mguu wa mbuzi. Katibu akafungua Daftari la Waliovuka na kuandika jina langu chini ya wale wa Australia. Kesho yake nikavuka kwa kabaza, yaani baiskeli ya abiria, mpaka barabarani, na kwa minibasi mpaka mjini. Ndege niliiona, siwezi kusema uongo. Ilipita juu yetu pale Lumbadzi, karibu na uwanja wa ndege, na haikusimama.

Tangu siku hiyo nimepatwa na mambo yafuatayo.

1. Kuhusu "mwanafunzi wa kimataifa". Nimesikia kwamba barua ya chuo ilisomwa kanisani kama ushahidi. Ni kweli chuo kiliniandika hivyo, lakini hakikukusudia kunisifu. Kilikusudia kunitoza ada ya mgeni, ambayo inazidi ya wenzangu kwa kiasi ambacho nikikitaja hapa Mama atakisikia na presha itampanda. Nusu inalipwa na shirika, nusu ninajitafutia. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi niliingia Malawi na miaka mitano, sehemu kubwa ya njia nikiwa mgongoni mwa Mama, na sasa nina ishirini na mbili. Jembe nimelishika mpaka limeisha mpini, na bado ni mgeni.

Chuo pia kilinipa kitabu cha mwongozo wa maisha kwa wageni. Kinanishauri nionje nsima, yaani ugali wa hapa, kidogo kidogo mpaka tumbo lizoee. Kinanishauri niwaombe wazazi watume pesa mapema, kabla bei ya dola haijabadilika. Kinanishauri nisifanye kibarua zaidi ya saa ishirini kwa wiki, ili nipate muda wa kwenda kutembea ziwani. Nimekisoma chote, mpaka jina la kiwanda kilichokichapa, kwa sababu nilikilipia.

2. Kuhusu kazi zangu tatu. Najua mlimshukuru Mungu mliposikia kwamba Merveille ana kazi tatu kule. Baba, mtu mwenye mali ana kazi moja. Jumamosi ninapima vitambaa katika duka moja la Old Town, nikiwa wima tangu asubuhi hadi jioni. Jumanne na Alhamisi ninamfundisha Kifaransa mama mmoja wa ghala la tumbaku Kanengo, ambaye mkubwa wake anataka aelewane na wanunuzi wa Ubelgiji. Yeye hunilipa nusu kwa pesa na nusu kwa viazi vitamu vya shambani kwake, akisema zikomo, asante ya Kichewa, mara nyingi ili kufidia nusu ya pili. Jumapili baada ya ibada ninafua makoti meupe ya wanafunzi wenzangu sita. La kwangu ni la saba, na Jumatatu huwa nalivaa kabla halijakauka.

Kwa njia hiyo nalipa chumba, mkaa na nauli. Nauli nimeipunguza kwa kutembea, mkaa nimeupunguza kwa kupika mara moja kwa siku, na chumba ningekipunguza kama kingekuwa na cha kupunguza. Mwezi wa saba baridi ilinishika nikakohoa kwenye simu, na Jumapili iliyofuata mkaniombea dhidi ya theluji. Nawashukuru. Kikohozi kilipona.

3. Kuhusu likizo yangu ya mwezi wa nne. Baba Mchungaji, hili linanihusu mimi na wewe. Ulikuja Old Town kununua kitambaa cha joho, na aliyekupimia nilikuwa mimi, utepe shingoni na mkasi mkononi. Ulinyoosha mikono kwa furaha ukaniuliza nimefika lini. Nikajibu saa moja na nusu asubuhi, maana ndipo tunapofungua. Ukaniuliza ninarudi lini. Nikajibu saa kumi na moja jioni, maana ndipo tunapofunga. Ulisikitika sana kwamba likizo yangu ni fupi kiasi hicho. Kisha ukaomba upunguziwe bei, nami nikakuongezea nusu mita ambayo mwenye duka aliikata kwenye malipo yangu.

Jumapili ukatangaza kwamba mtoto wetu alikuja likizo na akarudi bila kusalimia kanisa, ukahubiri habari za wale wakoma tisa wasiorudi kushukuru. Watu watatu walinipigia kunieleza kwamba nimepata kiburi cha ng'ambo. Baba, sisemi kwamba hujui Lilongwe iko wapi. Siku ile ulikuwa umesimama ndani yake.

Mtaniuliza kwa nini siji mara kwa mara. Nilikuja mara tatu. Kila mara nilipokelewa na kina mama wenye vigelegele, na baada ya vigelegele wakanitazama mikononi. Mkono mtupu haulambwi. Mara ya tatu niligawa hadi sabuni yangu ya kuogea, nikaiita zawadi. Tangu hapo Mama hunipigia simu tu, na kila Jumamosi ananiomba nimtumie picha za magauni ya dirishani kwetu dukani. Sijui anazifanyia nini. Nadhani anajiliwaza, maskini, kwa hiyo namtumia.

4. Kuhusu ndugu Niyongabo, mpiga gitaa wa kwaya. Mwezi wa tano alileta posa kwa barua. Hakuambatanisha neno la mapenzi hata moja, aliambatanisha picha nne za pasipoti, zile za ukuta mweupe, akaniomba nianze kumjazia fomu za kumwita. Nilimjibu kwamba akipanda minibasi saa mbili atanikuta saa nne. Akaniandikia tena, kwa unyenyekevu mkubwa, kwamba yeye ni mtu wa subira, hapendi njia za mkato, na atangoja karatasi. Picha zake tatu narudisha ndani ya bahasha hii. Ya nne iliangukia kwenye maharage.

5. Kuhusu mabati. Nimepokea barua ya kamati iitwayo "Kwa Watoto Wetu wa Ng'ambo", inayomtaka kila aliyevuka achangie mabati kumi ya paa jipya la kanisa kabla ya mvua za mwezi wa kumi na mbili. Ninaipenda sana hiyo kazi, maana paa lile limenivujia tangu utotoni. Lakini naomba tufikiri pamoja. Kama Lilongwe ni ng'ambo, basi Mama Vénérande anayekuja kila mwisho wa mwezi kununua maharage ya jumla anavuka mara kumi na mbili kwa mwaka, na kwa kanuni yenu anadaiwa mabati mia moja na ishirini. Vijana wetu wanaobeba magunia Kanengo wanavuka Jumatatu na kurudi Ijumaa. Wewe mwenyewe, siku ile ya joho, ulikuwa mmisionari. Tukikusanya kwa haki, tutaezeka kanisa, tutaezeka kambi nzima hadi barabara kuu, na mvua itabidi itafute kwingine pa kunyesha.

Na kama si Lilongwe iliyo ng'ambo, bali ni mbuzi ndiye anayevusha, basi siku ile tulimla watu zaidi ya sitini. Wote tuko ng'ambo, na sijui ni nani anayefagia kanisa Dzaleka.

Hapana, anayefagia ninamjua, na ni aibu yetu sote. Rémy alipata tarehe mpya, na mwezi uliopita akaondoka kweli kwenda Canada. Hakuagwa, kwa sababu kamati ilisema mbuzi wa nyumba ile alikwisha kuliwa. Kwa kuwa hakuagwa, hakuandikwa katika Daftari. Kwa kuwa hakuandikwa, kwa kanisa bado yuko Dzaleka, na zamu yake ya kufagia Alhamisi iko pale pale. Sasa Papa Hubert, na goti lake lile, anafagia kwa niaba ya mtoto aliye Canada, wakati mimi niliye Area 25 ninaombewa dhidi ya theluji.

6. Kuhusu Mama. Hapa, Baba Mchungaji, naomba nisitanie.

Mwezi wa sita Mama Vénérande alikwenda nyumbani kwetu, akamweleza Mama kwa upole kwamba Kapu la Wajane ni la wale wasio na mtu, na yeye ana mtu ng'ambo. Unga, maharage, mafuta na sabuni vikakoma siku hiyo. Asiyekuwepo na lake halipo. Wakati mnakata shauri mimi nilikuwa chuoni naosha vichupa. Badala ya kapu mlimpa kiti cha plastiki, mbele, katika mstari wa wazazi wa waliovuka. Mama hajaninung'unikia hata neno moja. Habari hii niliipata kwa muuza nyanya. Kiti ni heshima, nakubali, lakini hakipikwi.

Nimekasirika, Baba. Nimekasirika, na ninaona haya kulikasirikia kanisa lililonilea. Mama alifiwa na mume nikiwa na miaka miwili, akashona kwa mkono kabla ya kupata cherehani, na hakuna harusi hapo kambini ambayo hakukunja pindo lake. Tangu nijue, ninampelekea nusu ya viazi vyangu kwa huyo huyo muuza nyanya. Mtihani wetu wa mwisho wa mwaka ni mwezi wa kumi na moja. Una ada yake, na asiyelipa haketi. Nikianza kununua unga wa nyumba mbili, sitaketi, na karibu miaka mitatu ya kutembea kwa miguu itakuwa imepotea bure. Jambo langu lote ni hilo, mengine nimeyaandika ili nipate nguvu ya kulisema.

Kwa hiyo ninaiomba kamati, kwa magoti:

Kwanza, nifanyiwe ibada ya kurudishwa nchini, kama nilivyofanyiwa ya kutolewa. Najua aliyetolewa na mbuzi hurudishwa na mbuzi, lakini kwa kuwa sikufika mbali, naona kuku atatosha. Kuku nitamleta mwenyewe, na kwaya iuimbe ule wimbo wa kuaga, ila ianzie ubeti wa mwisho irudi nyuma.

Pili, jina langu lifutwe katika Daftari la Waliovuka, na mahali pake aandikwe Rémy, ili Papa Hubert apumzike na ufagio.

Tatu, Mama arudishwe katika Kapu kuanzia mwezi huu. Mkishindwa yote mengine, nifanyieni hili, nami nitakubali kuitwa wa Canada, wa Australia, au wa mwezini.

Nimalizie kwa salamu, maana ugomvi usinifanye mkosa adabu. Nisalimieni kwaya yote, hasa sauti ya tatu inayochelewa kuingia. Nisalimieni Papa Hubert na goti lake. Nisalimieni Mama Odette na wajukuu wake, na katibu wa Daftari, ambaye mwandiko wake ni mzuri hata anapokosea. Mama Vénérande mwambieni simchukii. Nampenda kama zamani, ila naomba anipende nikiwa karibu. Na wewe Baba Mchungaji, nakuombea joho likukae vizuri, na ile nusu mita ikufae.

Mimi mwanao nisiyekwenda popote,

Merveille Mulenda

N.B. Barua nilikuwa nimekwisha kuikunja wakati Mama alipopiga simu. Muuza nyanya alikuwa amemwambia kwamba kuna bahasha nene ya Mchungaji inayoandaliwa, na Mama akajua. Nikamsomea yote kuanzia juu. Kisha akasema hivi, nami nayaandika kama alivyoyasema:

"Merveille, mutoto wangu, usibaambie kitu. Miaka kumi na saba nilikuwa nakaa ku banc ya nyuma, kwenye mvua inavuja. Sasa niko na kiti. Ukirudi huku, kile kiti banakikamata."

Akanieleza pia kuhusu zile picha za magauni. Mama amekuwa akiwaonyesha wanawake wa kambi kama modeli za kule, zinazotumwa na mtoto wake wa ng'ambo, na wanawake wanakuja tangu upande wa pili wa kambi na vitambaa kwapani. Tangu mwezi wa sita ameshona kuliko miaka miwili iliyopita. Unga anao. Viazi vyangu, kumbe, alikuwa akiwapa wajukuu wa Mama Odette, na anaomba nafasi yake katika Kapu apewe huyo Odette. Aliniambia nisome, nifanye mtihani, na nisimrudishe nyuma.

Kwa hiyo, Baba Mchungaji, naomba barua hii usiisome mbele ya kamati. Soma salamu peke yake, polepole, Mama akiwa amekwisha kukaa kwenye kiti, na useme zimetoka mbali. Kuku hatakuja. Niacheni kule kule nilipo.

Na kwa kuwa mtu wa ng'ambo hawezi kukwepa mchango, mabati yangu kumi yatafika kabla ya mvua. Naomba tu uniombee kwa Papa Hubert namba ya simu ya Rémy. Mwambie ni Merveille, yule aliyekula mbuzi wake. Mabati kumi kwake ni kitu gani? Najua amefika mwezi uliopita tu, lakini mtu akishafika kule, hakosi.